Mjomba, Kabini Yako Bado Ina Baridi

Mjomba,

Shikamoo. Ukisikia huko uliko kwamba barafu ya Kibo inaisha, usiwasikilize wataalamu. Ni mimi. Nimeihamishia yote kwenye kabini ya kile kigari chako cha kufyekea majani, na kuanzia Mwika mpaka huku tambarare hakuna mwanamume mwingine anayeweza kukaa kwenye jua la Februari akatetemeka. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini AC zote za Moshi zinaniamkia.

Basi ndiyo hivyo. Tangu tukuzike pale kihambani, kati ya migomba na kahawa, mvua za vuli zimenyesha zikakatika. Nyasi za ule uwanja wanapotua ndege ndogo za wageni wa shamba zimenifika kiunoni, na kiti chako nimekalia mimi. Msimamizi alinipa kwa masharti. Alisema gari la vioo pande zote bila AC ni tanuri, na AC ikifa mikononi mwangu kiti anapewa yule kijana wa Singida anayevuta tanki la maji. Jamaa mwenyewe ananiangalia kila asubuhi kama paka aliyeona mtu anakula dagaa.

Sitaki akae pale. Kiti kile kina shimo la makalio yako, Mjomba, na makalio yako yalikuwa ya kutosha ukoo mzima. Mimi nazama. Lakini ni shimo lako, na mtu wa kuzama humo awe wa nyumbani.

Ya nje nafanya yote uliyonifundisha. Naanza upande ambao upepo unapeleka makapi mbali na gari. Nikifika mwisho wa mstari nashuka, nafuta wavu wa nyuma unaoikinga rejeta kwa brashi ya rangi, ile laini. Jioni napuliza kwa mashine ya upepo, kutoka ndani kwenda nje, maana anayepuliza kutoka nje anazishindilia mbegu za nyasi kwenye rejeta ya AC halafu anashangaa mbona haipoi. Maji ya nguvu siyagusi. Unakumbuka siku niliyoyagusa? Nilitaka kumaliza haraka niwahi mpira, nikaipiga rejeta maji mpaka zile sahani zake nyembamba zikalala kama migomba baada ya mvua ya mawe. Hukunigombeza. Ulichomoa mfukoni pini ya nywele ya mkeo, Mama Neema, ukanikalisha nizinyooshe moja moja, na wewe ukakaa juu ya ndoo unakunywa chai. Ukaniambia, "Nyasi haina adabu, mpwa. Inaingia bila hodi." Mpira nilikuja kuusikia kwa watu.

Sijui ile pini ulikuwa unatembea nayo kwa nini. Nilitaka kukuuliza siku nyingine.

Mama Neema hajambo, ila si sana. Ng'ombe bado anamkamua mwenyewe, hataki nimsaidie, anasema mikono yangu inanuka dizeli. Lile sweta lako ulilokuwa unashuka nalo kwenye gari huku wenzako wamevua mashati, wakikucheka kwamba mzee umebeba baridi ya Mwika kwenye begi, bado analianika kila mvua ikikatika. Anasema lisiote ukungu. Sijamwuliza nani atalivaa.

Sasa nakuja kwenye ya ndani.

Ile filta ya nyuma ya kiti, uliyokuwa ukiikung'uta kila Jumamosi, ukisema kifua chako kinaishi kwa huruma yake. Siku ya kwanza baada ya matanga nilifunga milango, nikawasha AC, na wewe ukatoka. Sijui nisemeje. Mafuta yako ya mkaratusi, yale ya kujipaka kifuani, yalikuwa yamelala mle kwenye filta, yakatoka na upepo yakanijaa usoni. Nikazima. Nikakaa. Nikawasha tena.

Jumamosi ilipofika nikaichomoa, nikainusa, nikairudisha bila kuikung'uta. Jumamosi iliyofuata vilevile. Ningeikung'uta ningekumwaga wewe pale chini, kwenye majani, ukanyagwe.

Basi vumbi likajaa. Upepo ukawa unatoka kama ulivyokuwa unapumua wewe siku zile za mwisho, kidogo kidogo, kwa kuvuta. Msimamizi akaingia siku moja, akaweka kiganja pale upepo unapotokea, akanikumbusha masharti yake. Mimi nikaifuta rejeta ya nje mara mbili zaidi, ikang'aa kama sahani ya harusi. Wenzangu nikawaambia gesi imepungua, nikawapa na somo juu ya gesi, mimi ambaye gesi naijua ya kupikia tu. Na harufu nayo ilikuwa inaniishia, Mjomba. Mwishoni nilikuwa nanusa vumbi na kujidanganya.

Mchana mmoja nikiwa katikati ya uwanja nikasikia plastiki inaungua, na feni ikanyamaza. Joto likanikaba. Nikafungua kioo, makapi yakaingia yote bila hodi. Nikashuka nikiwa natiririka machozi. Wenzangu wakasema ni makapi yameniingia machoni. Nikakubali ni makapi.

Kesho yake akaja fundi wa AC kutoka Soweto, ile ya pale Moshi. Msimamizi alikuwepo, na yule wa Singida alikuwepo, kaegemea tanki lake. Fundi akaichomoa filta, nzito, ya kijivu kama blanketi la mbwa. Akauliza nani aliiacha mpaka ikawa hivi. Nikajibu. Nilichojibu subiri kwanza.

Akaitupa kwenye moto wa takataka. Ilifuka moshi muda mrefu kuliko nilivyodhani. Akaweka feni mpya na filta mpya, na kiti kimebaki changu. Kabini ina baridi, hapo sikukudanganya. Ina baridi kuliko enzi zako. Inanuka viatu vipya.

Mkono umechoka, haujazoea kalamu. Lala, Mjomba. Udongo wa kwetu una baridi yake, hauhitaji feni. Jumamosi nitapanda Mwika na jani la isale mkononi, kama mtu wa kwetu anavyomwendea aliyemkosea, nami nitaliweka kichwani pako na kukaa nawe mpaka jioni. Jumatatu yake nitamfuata msimamizi nimweleze ukweli, na kiti akitaka kumpa yule wa Singida ampe. Hiyo ni ahadi, Mjomba, na haimo kwenye majigambo yangu.

Kwa sababu nilichomjibu fundi ni hiki. Nilisema, "Marehemu ndiye aliyeiacha hivyo."

Hakuna aliyebisha. Msimamizi alitikisa kichwa kwa huruma, akasema kweli, mzee mwishoni alikuwa amechoka, hata usafi ulikuwa unamshinda.

Nami nikaitikia kwamba usafi ulikuwa unakushinda.