Barua ya Mama Niliyoichana

Jumamosi, Julai. Mkonze.

Upepo ulianza kabla ya adhana ya alfajiri, na sasa ni saa kumi jioni haujachoka. Ni ule upepo wetu wa Dodoma wa mwezi wa saba, baridi na vumbi kwa pamoja, unaong'oa karatasi kwenye kamba na kuzipeleka kwa jirani. Leo sina karatasi kambani. Sijafanya kazi yoyote tangu asubuhi, na mtu akiniuliza hali nitasema nzuri, maana ndivyo tunavyojibu hata nyumba ikiwaka moto.

Hali yangu si nzuri.

Wanaosoma humu bloguni siku nyingi wanaijua kazi yangu. Kwa mgeni: natengeneza kadi nyumbani, na karatasi yenyewe naitengeneza mwenyewe. Jirani yangu Mama Neema anafanya usafi kwenye ofisi moja mjini, na zikiwepo karatasi zilizokwisha kazi anaomba ruhusa ananiletea. Nazichana, naziloweka kwenye beseni mpaka zilainike, nazisaga kwa brenda, halafu nachota ule uji kwa fremu niliyoiwamba wavu wa dirishani. Jua la huku linakausha karatasi upesi kuliko unavyopika wali. Nafanya kadi za harusi, za kipaimara, za pole, za hongera ya mtoto. Nyingine naziwekea jani la mzabibu kutoka Makutupora, nimelikausha kwenye kurasa za kitabu. Watu wengi siku hizi wanatumiana kadi kwenye simu, sawa, lakini bado wapo wanaotaka kitu cha kushika mkononi.

Na kusema kweli hawaji kwa karatasi tu. Wanakuja kwa maneno. Mtu ana furaha au ana msiba, hajui aseme nini, anakaa kwenye kigoda changu ananieleza, nami namwandikia. Wapo waliolia hapo hapo.

Nina sheria moja ya kazi, nimejisifia nayo humu sijui mara ngapi: sisomi karatasi za watu. Mwaka wa kwanza nilisoma moja, ya mtu ninayemfahamu, jambo la aibu yake, nikashindwa kumtazama usoni tulipokutana sokoni. Tangu siku ile kila karatasi nailaza kifudifudi, maandishi chini, ndipo naichana. Nilijiona muungwana kweli kweli.

Uungwana huo ndio ulionimaliza.

Mama yetu alifariki mwaka jana mwezi wa kumi na moja. Wiki zake za mwisho alikaa kwangu kwa ajili ya hospitali, kwani nyumbani kwetu ni Kondoa na njia ni ndefu kwa mgonjwa. Siku moja aliniomba peni na karatasi za daftari. Mama alijifunza kuandika ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na aliandika polepole, macho karibu na karatasi, kama anayetunga uzi kwenye sindano. Alikaa nazo kutwa nzima. Jioni akanikabidhi bahasha ya kaki, kaifunga kwa gundi yangu mwenyewe, akasema, "Hii ya Zuhura, siku akiolewa. Wewe usifungue." Juu ya bahasha hakuandika kitu. Nami sikufungua.

Zuhura ni mdogo wangu. Tumepishana miaka kumi na miwili na tumezaliwa wawili tu. Mwaka juzi alimpata Idd, fundi pikipiki wa pale pale Kondoa, mwanaume aliyewahi kuoa akaacha, mwenye watoto wawili. Mama akakataa. Alisema, mimi sijaridhia. Na kwetu mama akisema hajaridhia, hilo si neno la kuchezea. Utaolewa, watu watakula pilau, lakini neno hilo utatembea nalo mpaka kaburini. Zuhura naye kichwa chake anakijua mwenyewe, hakurudi nyuma. Miezi saba hawakusemezana.

Na mimi, niliandike hili maana hapa ndipo mahali pake, nilikuwa upande wa mama. Sikusema kitu kibaya. Sikusema kitu kabisa. Zuhura alikuwa akinipigia simu ananieleza habari za Idd, nami najibu "haya," "sawa," "tutaona," mpaka akaacha kunipigia.

Zuhura alipofika hospitali, mama alikuwa hawezi kusema tena. Zuhura alimshika mkono akawa anauliza, mama umeniridhia, mama umeniridhia, na mama anamtazama tu. Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Sijui yale macho yalisema ndiyo au hapana. Asubuhi iliyofuata mama hakuwepo.

Kwa hiyo jibu la Zuhura lilikuwa ndani ya ile bahasha. Nilimwambia habari zake baada ya mazishi, naye akaisubiri miezi minane. Ndoa ameiahirisha mpaka msiba upoe, sasa imepangwa Jumapili ya wiki ijayo, siku nane kutoka leo. Jumanne alinipigia kuwa anakuja Jumamosi kununua vyombo vya harusi, nimwekee bahasha karibu. Alikuwa na sauti ya mtu anayeogopa kufurahi.

Nikaenda kuichukua. Haikuwepo.

Nilijua nilipoiweka kwanza, kwenye sanduku chumbani. Lakini mwezi wa tano mchwa walipanda ukutani, na nilihamisha kila kitu cha karatasi kwa haraka nikakipeleka kwenye rafu ya chumba cha kazi. Nilijipongeza siku ile kwamba nimeiokoa barua ya mama isiliwe na mchwa. Afadhali ningewaachia. Mchwa wangeanzia pembeni, pengine wangebakisha hata mstari mmoja.

Rafu hiyo ndiyo naweka bahasha za kaki. Kaki ndiyo inaipa karatasi yangu ile rangi ya ugali wa uwele ambayo wateja wanaipenda. Na mwezi uliopita nilizimaliza zote, rafu nzima, kwa oda moja ya kadi za mwaliko. Oda hiyo ilikuwa ya Zuhura. Alitaka kadi zake ziwe na rangi hiyo, nami nilitaka nimfanyie kitu kizuri bila kulazimika kusema chochote.

Nimejaribu kujidanganya kwamba sikumbuki. Nakumbuka. Bahasha naikata kwanza ukingo wenye gundi, maana gundi inaharibu uji, halafu natoa kilichomo. Kuna moja vidole vyangu viligusa karatasi mbili nyembamba, zimekunjwa pamoja mara nne. Nikaona mistari ya daftari kwa nyuma. Nikasema moyoni, hii nayo si ya ofisini. Nikazilaza kifudifudi kama kawaida yangu, nikazichana.

Nilisita, nikachana. Ningezigeuza tu.

Mama Neema, nilipomweleza Jumatano, alitaka kunifariji. Alisema tazama jambo lenyewe lilivyo zuri, maneno ya mama yenu yamo ndani ya kila kadi ya harusi, wageni wote wameyapokea mikononi. Ana moyo mwema Mama Neema, nikamwambia ahsante. Lakini ni upuuzi. Kadi hizo zimeandikwa saa na ukumbi, na ziko juu ya makabati ya watu. Nilichukua karatasi zilizosalia nikazishika juani moja moja, kutwa nzima, natafuta. Niliona nukta moja ya wino wa buluu. Inaweza kuwa ya mama, inaweza kuwa ya karani yeyote.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu amekuja na mizigo yake na amehamia.

Sasa niandike lililo baya zaidi.

Alhamisi baada ya adhuhuri nilichukua karatasi za daftari nikaandika barua ya mama. Mwandiko wake naujua, nimekua nikiuona kwenye orodha za dukani. Nilijiambia hakuna mtu duniani anayejua alichoandika, hata mimi, basi nani atakayesema siyo? Nilijiambia mama angekuwa hai angeridhia hatimaye. Nilijiambia mengi. Niliandika mara tatu nikipata kosa hapa na pale, na ya tatu ilikuwa mama mtupu. Nilianza na Mwanangu Zuhura. Nilisema ulinikasirikia na ulikuwa na haki. Nilisema nilikuona unavyowapenda wale watoto wasio wako nikanyamaza kwa kiburi. Nilisema nakuridhia wewe na mumeo na watakaotoka tumboni mwako. Nilikunja mara nne, nikatia kwenye bahasha ya kaki, nikaifunga.

Nilipomaliza nililia mpaka kifua kikauma, nikadhani nimefanya jambo jema.

Leo asubuhi, Zuhura akiwa njiani, nikaifungua niisome mara ya mwisho. Hapo ndipo nikaona. Ndani ya barua ile hakuna neno la mama hata moja. Mama hajawahi kuwaona watoto wa Idd na Zuhura pamoja. Mimi ndiye niliyewaona, siku ya hitima, Zuhura anamnawisha mdogo uso. Mimi ndiye niliyenyamaza kwa kiburi. Yote yale ni yangu, niliyopaswa kumwambia mdogo wangu kwa mdomo wangu, na nilikuwa nataka kumpa kwa mkono wa marehemu. Na radhi ya mama si kitu changu cha kugawa. Hata kama karatasi natengeneza mimi.

Nikaichana. Safari hii nikiisoma.

Zuhura aliingia saa tano na nusu, vumbi mpaka kwenye kope. Shikamoo dada, marahaba mdogo wangu. Nilimpa maji anawe, nikampa chai na chapati. Aliniuliza habari za mchwa, akanisifia kadi, kasema watu wa Kondoa wanauliza zimenunuliwa wapi. Alikula nusu ya chapati huku akiangalia mlango wa chumba cha kazi. Nilijua anasubiri nini, nikamwambia kabla hajauliza, kwa sababu angeuliza kwa furaha nisingeweza.

Nilimwambia yote: mchwa, rafu, mistari ya daftari, kwamba nilisita nikaichana, kwamba sikusoma hata neno. Sikumwambia nilichofanya Alhamisi.

Nilitegemea apige kelele. Ningependa apige kelele. Alikaa tu, anakunja na kukunjua pindo la khanga yake. Upepo ulikuwa unagongagonga bati. Baadaye akauliza kama ilikuwa barua ndefu, nikasema karatasi mbili. Akauliza kama zilijaa. Nikasema sijui, nilizilaza kifudifudi. Akatikisa kichwa polepole, kama anayesikia habari za mtu mwingine.

Halafu akasema, bila hasira, na laiti ingekuwa kwa hasira:

"Dada, watu usiowajua unawaandikia maneno mpaka wanalia. Mimi ungeshindwa kuniandikia mistari miwili, ukaniambia ni ya mama?"

Nilikuwa nayo asubuhi, Zuhura. Ilikuwa ndefu kuliko mistari miwili. Nilifungua mdomo, na mambo yote yale niliyoyaandika mara tatu bila kukwama yakakataa kutoka. Nikasema, "Nisamehe." Akasema, "Haya."

Haya. Neno langu mwenyewe nililokuwa nikimjibu kwenye simu.

Alichukua mkoba wake. Vyombo vya harusi hakwenda kununua. Alisema atarudi na basi la saa nane, nikamsindikiza mpaka njia kuu, kila mmoja anashika mtandio wake usichukuliwe na upepo. Alipopanda daladala ya kwenda stendi hakugeuka.

Nimekaa tangu wakati ule najiuliza. Ukweli nimempa kwa ajili yake, au kwa ajili yangu, niutue mzigo? Kama ningempa ile barua, leo angekuwa anaimba kwenye basi. Angeolewa Jumapili akiwa na uso mweupe. Njia ya mwongo ni fupi, ndiyo, lakini wapo wanaofika salama, tusidanganyane. Nimekosa nilipochana ya kwanza. Kama nimekosa tena nilipochana ya pili, sijui, na hakuna wa kumuuliza.

Ninachokijua ni kimoja. Zuhura radhi ya mama hataipata tena, nimeiua mimi. Lakini yangu hajawahi kuipata pia, na hiyo haikuwa kwenye bahasha yoyote. Ilikuwa hapa kifuani, na simu ilikuwa mkononi, miaka miwili.

Mkoba nimeshaufunga. Oda ya kadi za kipaimara nimemwomba mwenyewe anivumilie. Kesho na basi la kwanza naenda Kondoa. Sichukui kadi, sichukui barua, wala sijiandalii maneno, maana yakiandaliwa nitayakimbilia kuyaandika. Akinifungulia mlango nitaingia nimwambie kwa mdomo. Asiponifungulia nitakaa barazani mpaka Jumapili ya ndoa. Siku ya ndoa bibi harusi hutolewa nje na mama yake, na mama yetu hayupo, na mwingine wa kushika nafasi yake hakuna ila mimi.