Kebaso Aliyeingia Motoni Bila Viatu

Mwaka umezunguka, Baba Bitutu, tangu asubuhi ile ulipomaliza uji wako, ukasema unajilaza kidogo kabla ya kwenda kikao cha madiwani, na hukuinuka tena. Tunasikia wenzako mjini Kericho walikungoja mpaka chai ikapoa. Hukuwahi kukosa kikao, kwa hivyo hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema kwamba huji.

Sisi watu wa nyumba yako hapa Kimulot tunakuandikia wewe. Majirani wakitaka kusoma, wasome tu, wengi wao wamo humu ndani.

Ulitoka Kisii ukiwa kijana, na blanketi moja na sauti ya chini. Sauti hiyo hukuipandisha maisha yako yote. Mungu, ambaye naye anapenda mzaha, akakupa Bilhah, mke ambaye akiimba kanisani ng'ombe wa ng'ambo ya mto wanaacha kula. Kila Jumapili ulimgusa goti ukimwambia, "Mama Bitutu, taratibu. Mungu si kiziwi." Naye kila Jumapili alikujibu, "Basi tumwimbie vizuri, asije akatamani kuwa kiziwi."

Kazi yako ilikuwa moto. Kwenye kiwanda cha chai ulipewa kofia ya chuma, buti ndefu za mpira, na gari la maji ambalo halikuwaka mpaka lisukumwe na watu wazima wanne. Ulilipangusa kila asubuhi kama mtu anayemwandalia binti harusi. Watoto wa kambi ya wafanyakazi uliwafundisha kwamba mlango uliofungwa hauguswi kwa kiganja. Unaguswa kwa mgongo wa mkono, kwa sababu mgongo wa mkono unasikia joto upesi, na ukiungua, kiganja bado kitashika shoka. Tulikua hivyo. Bitutu alipoolewa aliugusa mlango wa mama mkwe wake kwa mgongo wa mkono, na yule mama akauliza taratibu kama hiyo ndiyo desturi ya kwao.

Wafanyakazi walikuchagua kuwa katibu wa chama chao pale kiwandani kwa sababu uliweza kumwambia Meneja hapana, naye akabaki anafikiri umemwambia habari ya mvua. Hapana yako kubwa ilikuwa juu ya kufuli. Kule juu ghorofani, majani mabichi yanapotandazwa yanyauke kabla ya kusagwa, watu walifungiwa kwa nje wakiwa kazini, eti wasitoke na chai ndani ya nguo. Wewe ulijua mashine za kukaushia ziko chini yao, na kuni zinawaka mchana na usiku. Ulimwambia Meneja kwamba siku moja kufuli hilo litaua watu. Akakujibu kwamba wewe ni mtu wa moto, kwa hivyo unaota moto.

Ndipo ukaitisha mgomo. Hukuomba kitu kingine, ila mlango ufunguliwe. Siku ya kwanza uliikunja sare yako ya zimamoto vizuri, ukaiweka juu ya meza ya Meneja, kofia juu, buti chini. Ukawaambia wenzako, "King'ora cha kiwanda kikilia, asiinuke mtu. King'ora ni sauti ya mwajiri, na sisi kwa sasa hatuna mwajiri."

Meneja alitafuta watu wengine vijijini, wengi wao wasichana waliotaka nguo za Krismasi. Wagomaji wasipate kuwatoa, akawafungia ghorofani kwa kufuli lile lile. Mashine akawapa watu wasiozijua.

Ilikuwa mchana wa jua kali, mwezi usio na mvua. Moshi ulitoka chini ya paa, mweusi, na king'ora kikaanza kulia. Kambi nzima ilitoka nje, ikasimama. Hakuna aliyesogea. Watu walikuangalia wewe.

Kipkoech, msaidizi wako katika chama, alikuwa na damu moto kushinda huo moto wenyewe. Akakwambia, "Katibu, wewe ndiye ulisema tusiinuke."

"Nilisema."

"Na hao walio juu ndio walitusaliti. Wamekula kazi yetu."

"Ndio hao," ukasema.

"Tukienda leo, mgomo umekufa. Kesho Meneja atatucheka."

Ulinyamaza. Bilhah alikuwa karibu nawe, na mpaka leo anasema hajaona mtu akinyamaza kwa uzito namna ile. Ukienda, watu waliokuamini watakuita mwongo. Usipoenda, wasichana watakufa kwa kufuli lile lile ulilolipinga. Kisha ukamgeukia mkeo.

"Mama Bitutu, piga nduru."

Bilhah alifikiri hakusikia vizuri. "Nduru gani?"

"Yote uliyo nayo."

Wasomaji wa mjini huenda hawajui, basi tuseme. King'ora kinamwita mfanyakazi, lakini nduru inamwita jirani. Kwetu Kisii na kwa Wakipsigis ni jambo moja: ukisikia nduru unaacha ulicho nacho unakimbia, hata kama anayelia mmegombana naye juu ya mpaka. Anayesikia akakaa, siku yake ikifika atajibeba mwenyewe. Hivyo ndivyo ulivyofanya, na mpaka leo tukikaa tukalifikiria, tunashikwa na mshangao. Hukuwarudisha watu kazini. Mgomo uliuacha palepale ulipokuwa, ukawaita kama majirani.

Bilhah alikuwa ameingoja ruhusa hiyo tangu siku ya harusi. Alipofungua kinywa, king'ora cha kiwanda kikawa kama inzi. Tecla wa nyumba ya pili akaipokea, wanawake wa kambi nzima wakaipokea, ikavuka mto. Watu wakaja. Walikuja wagomaji wote, Kipkoech akiwa mbele yao, bado ananung'unika. Wakipsigis wenye mashamba yao madogo walishuka kilimani na ndoo, sufuria na karai. Mmoja wao, Mzee Chepyegon, alikuwa anapeleka maziwa dukani. Aliyamwaga yote njiani apate mtungi wa kuchotea maji. Hakujua bado kwamba binti yake Rebeccah, aliyesema anaenda kumtembelea shangazi, alikuwa ndani.

Mstari wa ndoo ulianzia bwawani. Wanaume walikuwa wameshika mashoka wavunje mlango wa mbele. Uliugusa kwa mgongo wa mkono, ukatikisa kichwa. "Huu mkiufungua, mtaupa moto hewa na utawafikia walio juu. Twendeni nyuma." Mlango wa nyuma, wa ngazi ya kupandia ghorofani, ulikuwa baridi, na kufuli lake lilikuwa kubwa kama ngumi ya mtu.

Ndipo Kipkoech akaona miguu yako mitupu. "Katibu, chukua buti. Ziko hapo ofisini kwa Meneja."

Ukasema, "Niko kwenye mgomo."

Baba Bitutu, tumezeeka na maneno hayo. Wengine wanayacheka, wengine wanayalilia, na Bilhah hufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Ulilikata kufuli kwa shoka, ukapanda ngazi ya chuma miguu mitupu, na chuma kilizidi kuwa moto kadiri ulivyopanda. Uliwatoa mmoja mmoja, wamefunikwa magunia yaliyolowa. Wa mwisho alikuwa Rebeccah, amezimia, umembeba mgongoni. Mzee Chepyegon alipomwona ni nani, mtungi ulimponyoka.

Hakufa mtu. Kiwanda kilibaki nusu. Ulikaa chini kwenye nyasi, ukamwambia mkeo kwa sauti ile yako, "Sasa unaweza kunyamaza." Alikuwa bado anapiga.

Meneja alirudi kutoka mjini jioni akalikuta kufuli lake njiani, vipande viwili. Kwa mambo ya mgomo hapakubaki cha kujadili. Mlango ule haukufungwa tena kwa nje.

Lakini watu ni watu. Ulipojiandikisha kugombea udiwani, mwaka wa sitini na nane, maneno yalianza sokoni kwamba wewe ndiye uliyewasha moto ili upate jina. Na mpinzani wako alikuwa nani? Mzee Chepyegon. Alikuletea beberu Jumamosi kukushukuru kwa ajili ya binti yake, Jumatatu akaenda kujiandikisha. Ulipomuuliza, alikujibu bila haya, "Beberu ni wa Rebeccah. Kiti ni changu."

Ukampa mkono. Mlicheka wote wawili. Bilhah hakucheka, lakini beberu alimpika.

Karani wa uchaguzi akagawa alama, maana wapiga kura wengi hawakusoma. Uliomba ndoo. Ukapewa kufuli. Tulidhani ni njama, na huenda ilikuwa. Nyumba nzima ilikasirika, wewe ukaigeuza ile karatasi huku na huku ukasema, "Hakuna shida. Nalifahamu."

Kwenye mkutano wa soko la Kimulot mtu mmoja alipaza sauti nyuma, "Kebaso, tuambie nani aliwasha moto!" Umati ukakugeukia. Tuliona jasho lako. Hapo ndipo kila kitu kingeanguka, jina lako, chama, na ile siku yenyewe. Wewe hukujibu, kwa sababu ulikuwa mtu wa kuona aibu kujitetea. Aliyejibu ni Rebeccah. Alipanda juu ya meza ya mwuza vitunguu, mbele ya baba yake, akasema:

"Mimi nilikuwa ndani. Huyu alinibeba hana viatu. Kama ndiye aliwasha, si angevaa viatu kwanza?"

Soko lilicheka mpaka vitunguu vikamwagika. Chepyegon mwenyewe aliangalia kofia yake, lakini mabega yalikuwa yanacheza. Ukashinda. Watu waliliwekea alama kufuli kwa furaha, kama wanaolivunja tena.

Tangu siku hiyo ulikuwa wa kila mtu. Ulileta bomba la maji kambini. Uliwasumbua wenzako mpaka milango ya ukumbi wa soko la Sosiot ikafanywa ifunguke kwa kusukuma nje, na mpaka kila shule ikapewa ndoo nyekundu za mchanga, ambazo watoto walizitumia kuchezea na walimu kukalia. Wakakuita Diwani wa Ndoo. Uliitika. Na kabla ya kuingia kikaoni uliugusa mlango kwa mgongo wa mkono, kila mara. Siku moja karani akakuuliza, "Diwani, mlango una homa?"

"Mlango hauna," ukasema. "Ninaowakuta ndani ndio nawahofia."

Nyayo zako hazikupona sawasawa. Chini ya meza ya madiwani ulivua viatu, na wenzako walijua kwamba Kebaso akivaa viatu kabla ya kura, amekasirika na anaondoka. Haikutokea zaidi ya mara moja, na siku hiyo walibadili mawazo kabla hujafunga kamba ya pili.

Mwaka wa sabini na nne Chepyegon alirudi tena kugombea. Safari hii alisema wewe ni mtu mzuri, ila ni mtu wa kuja. Ulisimama ukasema, "Mzee anasema kweli. Mimi ni wa kuja. Ile siku ya nduru nilikuja, na yeye alikuja, na nyinyi wote mlikuja. Ambaye hakuja ndiye asinipigie kura." Mkutano uliisha hapo. Tunasikia Chepyegon mwenyewe alipofika kwenye sanduku alisimama muda mrefu mno kwa mtu anayejua jina lake mwenyewe.

Siku ulipotuacha, wanawake walimngoja Bilhah. Ndiyo desturi, mke aanze nduru ya msiba. Hakuanza. Alikaa kando yako ameshika ile miguu yenye makovu, akanyamaza kama ulivyonyamaza wewe siku ile. Watu walikuja hata hivyo, wakajaza barabara mpaka ndani ya mashamba ya chai. Wale wa zimamoto waliokuja kukubeba, kila mmoja aliugusa mlango wetu kwa mgongo wa mkono kabla ya kuingia. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo.

Mzee Chepyegon alikaa mwisho wa benchi, kofia magotini. Akauliza hewa tu, "Sasa nitashindwa na nani?"

Unakumbukwa na mkeo Bilhah. Na watoto wako Bitutu, Ogeto na Atuti, pamoja na wake na waume waliowavumilia. Na ndugu yako Nyaberi. Na wajukuu, ambao wote wanaijua habari ya mgongo wa mkono. Na Rebeccah, anayekuja kila wiki na maziwa. Mzee Chepyegon ameomba jina lake liwekwe pamoja na familia. Tumejadili. Tumeliweka.

Watu wanamuuliza Bilhah kwa nini hakupiga nduru siku ile, yeye mwenye sauti kama hiyo. Anasema aliogopa. Nduru ukiisikia huwezi kulala, ungekuja, na ungekuja mbio, miguu mitupu, naye amechoka kukwambia uvae viatu.

Basi lala, Baba Bitutu. Hatutakusahau siku zote tulizopewa. Tunalisema hili kwa sauti ya chini.