Sote Tulizaliwa Mosi Januari

Jumatatu, 4 Desemba

Mwaka wa thelathini na moja ugenini. Leo nimeandika muhtasari wa kikao cha wakuu wawili. Idara yetu ya rasilimali watu ina mpango wake: wanaofika sitini wabaki miaka mitatu, wawafundishe vijana. Idara ya kompyuta nayo ina wake: mfumo mpya unamtoa kazini kila anayetimiza sitini, siku hiyohiyo. Kampuni moja! Mama Ajira, mkuu wetu, alimwambia Bwana Mtandao, mkuu wa kompyuta, angeuliza kabla ya kununua. Naye: mngesema kabla sijanunua. Chai ikapoa.

Jumatano, 6 Desemba

Mfumo umejaribiwa. Jina langu likawaka jekundu — mosi Januari, nje! Na wenzangu wote niliovuka nao mpaka kwa lori moja: Dereva, Mpishi, Fundi Bomba.

"Mzee, kwani nyie mapacha?" Bwana Mtandao akacheka.

"Ndiyo. Mkunga wetu karani wa kambi ya wakimbizi."

Yule karani hakuwa na muda. Tarehe moja na mwaka mmoja kwa wote, kwa kukisia. Mimi nina hamsini na minane. Aliona mvi zangu za ujanani, basi.

Jumanne, 12 Desemba

Kazi ikienda, nyumba ya kampuni inakwenda nayo. Mke wangu kayashusha mapazia ayafue. Kayatazama. Kayarudisha bila kuyafua.

Ijumaa, 15 Desemba

Wakuu wamepatana! Mfumo haurekebishiki kabla ya Machi. Kinachobadilishika ni tarehe ya kuzaliwa tu, kwa cheti halisi, na cheti hufuatwa na mwenyewe huko alikozaliwa. Mama Ajira kwa upole: "Baba, likizo nakupa, nauli tunatoa. Nenda kwenu." Bwana Mtandao akaitikia kwa kichwa. Hatimaye idara mbili zina mkakati mmoja — na mkakati wenyewe ni mimi.

Jumatano, 20 Desemba

Dereva anakwenda. Kesho! Anasema waliotufukuza nao wamezeeka. "Watakujulia wapi, ndugu yangu?"

Kwa jina la baba. Anayetia saini vyeti kule ndiye aliyekuja kumchukua baba. Baba hakuonekana tena. Nimsimamie dirishani, nimwambie mimi mwana wa nani?

Ijumaa, 22 Desemba

Tiketi iko mezani, ya kesho. Mke wangu: "Baba watoto, chumba tutapata popote. Wewe je, nikupate wapi?" Akaingia ndani.

Simu inaita. Mama Ajira, anataka jibu. Imekatika. Inaita tena.

Kule sirudi.