Kikombe cha Gilbert

Kent, 7 Novemba 1946

Kwako dada Maud,

Natumai huko Adelaide kuna jua na magoti yako yamepata nafuu. Huku ni mvua tu. Sukari bado ni ya mgao, kuku wamegoma kutaga, na kasisi ana mafua tena.

Jumanne nilimwita Bi Pargeter, yule anayeongea na wafu. Usinicheke. Tangu nimzike Gilbert sijapata mtu wa kunywa naye chai. Nilimwekea kikombe chake, nikatia sukari yangu ya wiki nzima.

"Akigonga meza mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana," alisema Bi Pargeter. "Na usimgombeze, bibie. Wafu ni wepesi kununa."

Meza ikagongwa. Nikauliza kama ni yeye mume wangu. Ndiyo. Nikauliza kama amekuja kuniona mimi.

Ikagongwa mara mbili.

"Unamtafuta Rosamund?" nikamuuliza. Unamkumbuka, Maud, mke wake wa kwanza, aliyefia humu humu ndani. Ikagongwa mara moja, kwa nguvu, hata kijiko kikaanguka. Kumbe hata huko ahera wamepotezana.

Bi Pargeter aliona haya, akasema labda ni panya. Nikampa yeye ile chai, akainywa yote.

Nimemwomba aje tena Jumanne. Nitamwambia Gilbert kwamba Rosamund ametoka kidogo, akae amsubiri.

Nisalimie watoto.

Mdogo wako,
Enid