Nilimpangusa Kipa Kifuani, na Jumamosi Anakuja Mwenyewe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ikishapita hiyo usihangaike kunijibu maana nitakuwa nimeshaaibika na jibu halitakuwa na kazi. Mimi ni mama wa watoto wanne na bibi wa mjukuu mmoja wa kike, shule niliishia darasa la tatu, herufi za kitabuni nazisoma polepole lakini mwandiko wa kushikana sijawahi kuuweza, kwangu ni kama nyayo za kuku, kwa hiyo nikikosea nisamehe, na barua hii naiandikia stoo juu ya gunia ili mzee wangu asinione.

Mzee wangu ni fundi saa, mtu mpole, hana pombe wala makundi, ugonjwa wake ni mmoja tu, kadi za wachezaji wa zamani, zile zilizokuwa zinatoka ndani ya paketi za chingamu sisi tukiwa vijana, mbele picha ya mchezaji na nyuma maelezo yake, wenzake walitafuna chingamu wakatupa kadi, yeye nadhani alitupa chingamu. Anazo mia nne na kitu, ziko kwenye albamu tatu ndani ya kabati la kioo, na ufunguo wa kabati hilo tunao watu wawili, yeye na mimi, watoto aliowazaa mwenyewe hajawapa, mimi aliniambia mama watoto, mikono yako naiamini, na kila Ijumaa nafungua nawapangusa vumbi mmoja mmoja.

Mshauri, mpira siujui lakini wale watu nawajua kwa nyuso na nimewapa majina yangu, kuna Kiota ambaye nywele zake ndege angeweza kutaga, kuna Soksi Moja, kuna mmoja kafumba macho kama anachomwa sindano, kuna beki mwembamba huyo namwonea huruma najiuliza alikuwa anakula kwa nani. Na kuna kipa, huyo ndiye mwenye nyumba, zamani watu walimwita Mlango wa Chuma, amesimama na jezi ya kijani kashikilia mpira kiunoni, amewekwa peke yake ukurasa wa kwanza.

Sasa Ijumaa moja nafungua albamu namkuta kipa kachorwa kifuani kwa wino wa buluu, michoro ya kuzungukazunguka, ina mkia umeshuka mpaka kwenye mpira, na Ijumaa iliyotangulia alikuwa safi, nilimpangusa mwenyewe. Mjukuu wangu ana miaka minne, wiki hiyo alikuwa ameokota kalamu, alishachora ukuta, alishachora jokofu, alishamchora paka, basi nikajua ni yeye, nikamwita, akaniambia si mimi bibi, nikamwambia na paka alijichora mwenyewe, nikamnyang'anya kalamu akalia mpaka akalala. Mimi nikachukua pamba na spiriti ya vidonda nikamfuta kipa taratibu kama ninavyomfuta mtoto uso, akatoka safi anang'aa, nikamrudisha mahali pake nikajipongeza.

Jumapili akaja mgeni, dereva wa lori ambaye naye anakusanya kadi, huyu mtu hanywi chai. Nakwambia hivyo kwa sababu mzee wangu ana hadithi yake ya kipa na mvua, anawasimulia wageni wote, lakini mwanzoni mwanzoni mimi naondoka kuchemsha chai na nikirudi nakuta wanacheka, miaka yote hiyo mimi najua mvua na kicheko, katikati sipajui. Siku hiyo kwa kukosa chai ya kupika nikakaa nikasikia yote, kwamba alisimama getini kwenye mvua tangu asubuhi mpaka timu ikatoka, na kipa akamwandikia jina lake kwa mkono wake juu ya kadi, hapa kifuani, wino wa buluu, na tone la mvua likauburuta mkia mpaka kwenye mpira. Mshauri, nilikuwa nimekaa lakini nilihisi nimeanguka.

Kumbe kadi za huyo kipa ziko mbili. Ile safi ndiyo ilikuwa inakaa nyumbani, yenye saini alikuwa anaificha dukani kwenye sefu ya saa za watu, na wiki ile alizibadilisha bila kuniambia, kwa sababu hiyo Jumamosi wakusanyaji wote wanakutana kwenye ukumbi wa shule na kipa mwenyewe, sasa ni mzee wa mkongojo, amekubali kuja. Mzee wangu anataka amwonyeshe saini yake ya ujana. Akainuka amchukulie dereva kadi aione, yule akasema hapana fundi, nitaiona siku hiyo mwenyewe akiwepo. Aliniokoa bila kujua.

Jumatatu nikakimbilia kwa jirani yangu, mwandiko wake unasifika, ndiye anayeandika majina kwenye kadi za harusi za mtaa mzima. Nikamkuta kadi zimemfika kidevuni, hakuinua hata kichwa. Nikamwambia jirani niandikie jina kwenye hii kadi kwa mwandiko wa kushikana, wino wa buluu. Akasema jina nani, nikasema Mlango wa Chuma. Akasema ya mmoja au ya wawili, mimi nikadhani anaulizia mistari, nikamwambia ya wawili, ijae kifua. Akaandika, ina mikia mizuri kuliko hata ile ya kwanza, nikairudisha albamuni nikalala usingizi wangu wa kwanza.

Jumanne mzee wangu akaitoa. Akavaa lenzi yake ya dukani, akaiangalia kwa muda wa kumaliza vikombe viwili vya chai, kisha akatoka uani akakohoa, alikohoa sana mpaka nikampelekea maji, akarudi machozi yanamtoka. Akasema mama watoto, wino wa zamani ni kitu kingine, kadiri unavyokaa ndivyo unavyokolea. Halafu akasema ajabu, siku ile ya mvua nilimkuta peke yake. Nikamjibu pengine mkewe alikuwa hapendi kulowa. Akarudi uani kukohoa tena.

Tangu hapo kila asubuhi ananiuliza mama watoto, huna neno, namwambia neno gani baba watoto, kunywa chai inapoa. Amenunua na kalamu mpya ya buluu akaiweka ndani ya kabati la kadi, sijui ya nini wakati dukani kwake kalamu zimejaa.

Alhamisi binti yangu alikuja kumchukua mwanawe nikamwonyesha kadi kwa siri. Alisoma akakaa chini sakafuni. Akasema mama, hapa pameandikwa Bwana na Bibi Mlango wa Chuma, mama umemwalika kipa harusini na mkewe. Nilishukuru Mungu baba yao hakuona, macho yake yameanza kuchoka.

Jirani anasema siku hiyo niugue, mzee hataniacha peke yangu. Au niimwagie kadi chai, itaonekana ajali. Binti anasema nikiri. Mshauri, si kelele ninazoogopa, miaka thelathini na nane hajanipigia kelele, ninachoogopa ni kimya, kwamba atanyoosha mkono bila kusema kitu aniombe ufunguo, na Ijumaa sitakuwa na wa kumpangusa. Nifanyeje?

Ni mimi, mwenye pamba.

SHANGAZI ANAJIBU

Mama mwenye pamba, nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza nilikuwa nacheka, mara ya pili nimesoma sawasawa. Pole. Sasa kaa vizuri kwenye gunia lako.

Kosa la Ijumaa silihesabu. Mtu amebadilisha kadi ndani ya kabati unalolisafisha wewe, hakukwambia, halafu kuna mtoto mwenye kalamu nyumbani na ushahidi mpaka juu ya paka. Hata mimi ningeshika pamba. Na mumeo ana lake la kujibu. Wageni wote wanaijua hadithi ya mvua mpaka dereva wa lori, wewe uliyelala naye miaka thelathini na nane umeachiwa sufuria. Angekukalisha siku moja tu akakwambia mama watoto, haya mavurugu ya buluu ni jina la mtu, leo tusingekuwa hapa.

Lakini Jumatatu, mama, Jumatatu ni yako peke yako. Kufuta ilikuwa bahati mbaya. Kwenda kuandikisha ilikuwa uongo, na uongo wenyewe umeukabidhi kwa mtu aliyezama kwenye harusi za watu. Jirani yako simlaumu, aliuliza swali lake la kazi ukamjibu. Ila kwenye ushauri mwache na bahasha zake. Usiugue. Ukijiuguza mzee wa watu atakosa siku aliyoingoja tangu ujana ili akae kitandani akushike mkono usio na homa, na hiyo dhambi hakuna spiriti ya kuifuta. Na chai usimwage. Kadi hiyo imeshateseka vya kutosha.

Sasa nikwambie kitu ambacho umekiandika mwenyewe na hukukisoma. Mumeo anajua.

Mama, huyu ni fundi saa. Anaona unywele ndani ya saa ya kike. Unaniambia alivaa lenzi, akaiangalia kwa muda wa vikombe viwili vya chai, na hakuona Bwana na Bibi? Kile hakikuwa kikohozi. Mtu mwenye kifua hatoki nje kukohoa akarudi kuulizia mke wa kipa. Alikwenda uani kucheka usimsikie, maana hakutaka kukuaibisha. Na hilo huna neno la kila asubuhi ni mlango anakufungulia upite, wewe unamsukumia kikombe.

Na kalamu? Kipa anakuja na mkono wake, mama. Kipa huyo huyo, mkono ule ule. Fundi ameshapata dawa ya kadi, tena ameiweka kwenye kabati linalofunguliwa na watu wawili tu ili uione. Yuko kimya kwa jambo moja, anakusubiri. Ufunguo angeutaka angeuomba Jumanne ile ile.

Usije ukapumua sasa ukasema basi yameisha. Anajua, ndiyo, lakini hajaambiwa, na aliyekuamini anastahili kuambiwa kwa mdomo wako. Likikufikia gazeti hili utakuwa na siku tatu. Usizitumie zote.

Anza na mjukuu. Mpigie magoti kama ikibidi, mwambie si wewe uliyechora, bibi alikosea, mrudishie kalamu yake na umpe karatasi. Mtoto alisema kweli akanyang'anywa kitu chake. Huyo ndiye mwenye kesi ya kwanza.

Kisha mumeo akirudi mchana kula, usipike kitu cha kukuita jikoni. Toa albamu, iweke mezani, kaa upande wake. Mwambie hivi: baba watoto, saini niliifuta mimi nikidhani ni mchoro wa mtoto, nikaogopa, nikaenda kuandikisha nyingine, nisamehe. Ukifika hapo funga mdomo. Usimweleze habari za paka, wala mikia mizuri, wala kadi zilizomfika jirani kidevuni. Barua yako ina koma za kutosha kufunga njia, yeye mpe nukta.

Halafu umwombe akusimulie ile mvua, tangu getini mpaka mwisho. Na wewe umtajie Kiota na Soksi Moja na beki uliyekuwa unamwonea huruma, nadhani hajui kama amekuwa akikaa na mkusanyaji mwenzake.

Wewe fundi, kama ndiye unayesoma hapa, kunja gazeti hili uliweke mbali. Mkeo akianza kusema, msikilize kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza. Na usikohoe.

Mama, Jumamosi nendeni wote wawili ukumbini. Msifute tena chochote, nakukataza. Kipa aandike saini yake mpya nyuma ya kadi, na mbele paachwe jinsi palivyo, asome mwenyewe, acheke, na akiulizia nani aliyemwalika na mkewe, inua mkono wako juu. Kadi za kipa huyo zenye saini huenda watu wanazo nyingi. Yenye mkewe iko moja, na inahitaji kupanguswa kila Ijumaa.