Baba Amemfungia Shemeji

Joniel, nimeshindwa na shemeji Eliezer. Hapa hapa Salinas, kwenye mbio za magari, mbele ya ukoo mzima. Turbo yake ni kama yangu, lakini alinipita kama nimeegesha.

Nikafungua boneti yake. Kuna tangi la maji na methanoli, yanapulizwa kwenye injini kupoza hewa ya turbo.

Nikauliza nani kamfungia. "Baba mkwe," akasema. Yaani baba yangu, Joniel. Baba yangu mzazi.

Nikamfuata mzee. "Mbona mimi hukunifungia?"

"Mwenzio aliniomba. Wewe nilikushauri, ukanicheka mbele za watu kwamba nataka kukutilia maji kwenye injini."

Halafu akamwambia Eliezer, "Twende tukale alcapurria za kukaanga, mwanangu."

Mwanangu!

Mimi nimekaa garini. Nasubiri na mimi aniite.