Tambiko la Gap-rye Mbele ya Kamera

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Nina miaka themanini na tatu. Vita vimepita nikabaki, wenyeviti tisa wa kijiji wamepita nikabaki, na daktari aliyenipa miezi sita — yeye ndiye tuliyemzika! Shule nilikaa miaka miwili tu, lakini naandika.

Mke wangu Gap-rye ana miaka minne kaburini. Ijumaa ni siku ya tambiko lake la kila mwaka: tunampikia, tunammiminia pombe. Mwanangu Yong-hwan kapiga simu toka Seoul. Eti, "Baba, tambiko la mwaka huu liwe la mwisho, mke wangu kachoka kupika peke yake, siku hizi watu wanaacha." Nikamkatia.

Jumatano, 17

Watu wa sinema wameingia. Sinema yao ina hadithi nne za familia za siku hizi, ya tatu wanaipigia picha kwangu. Nyumba za zamani kama hii hazipo tena. Niliijenga kwa mikono yangu! Wakataka nianue pilipili uani. Nikawaambia pilipili zimewatangulia kufika. Zipo.

Mwongozaji ni binti, Pyo Ra-hee. Mzee wao wa kuigiza baba kashikwa mgongo. Ra-hee akaniangalia weee. "Babu, utaweza kuigiza?" Mimi nimeshindwa nini?

Kazi yenyewe: watoto wanasema tambiko la mama tuliache, baba anaitikia kwa kichwa. Basi. Nikamuuliza nani kampelekea habari za nyumba yangu. Kasema hakuna, Babu, hata kwetu ni hivyo hivyo.

Alhamisi, 18

Tumerudia mara saba. Shingo haiinami. Jirani yangu Mal-sun anachungulia ukutani: "Shemeji, shingo umeipiga misumari?" Nikamjibu yake ililegea tangu usichana.

Ijumaa, 19

Siku yenyewe.

Wamepanga meza ya tambiko ya sinema. Naona nini? Mapichi! Pichi inafukuza mizimu, hata mtoto anajua. Nani kaweka? Msichana mmoja: "Yana rangi nzuri, Babu." Nikayatupa nje. Nikaweka mapea, na picha ya Gap-rye wangu. Nikadhani Ra-hee atasimamisha kamera. Hakusimamisha.

Kijana anayeigiza mwanangu kasema maneno yake: Baba, tuliache.

Sikupewa neno hata moja. Nikasema! "Mkeo apumzike. Haki yake. Nitapika mimi. Gap-rye kanipikia miaka hamsini na nne, mimi nishindwe siku moja?"

Mal-sun ukutani: "Huyo? Hata wali anaunguza!"

Gap-rye ataula hivyo hivyo umeungua.

Ndipo nikamwona Yong-hwan langoni, begi mkononi. Kasikia yote. Yule kijana mwigizaji kanyoosha mkono ammiminie Gap-rye pombe. Nikamzuia. Wewe hodari, kijana, lakini huyu wa kwenye picha si mama yako. Mwenye mama yule pale.

Wote wakageuka. Kamera pia.

Yong-hwan kafika kizingitini. Macho chini. Kasema, "Baba, mimi sijui hata kuosha mchele." Nikamwambia tutajifunza wote.

Kiatu kimoja kavua. Cha pili kamba imekaza — au anasita, sijui. Nimewaambia watu wa sinema wasubiri. Naandika hapa hapa, chupa ya pombe mapajani, maana kesho atakana kuwa tumesema tutajifunza wote.

Mashahidi: Pyo Ra-hee. Watu kumi na mmoja wa sinema. Mal-sun, ingawa mdomo wake hauna breki. Na Yong-hwan mwenyewe, akimalizana na hiyo kamba.